Sahani ya Ukumbusho



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya kazi moja ya mkono, nayo ni kazi ya kuchora sahani za ukumbusho. Sisemi sahani za kulia chakula. Nasema sahani ambayo mtu ameichora mwenyewe, akaandika juu yake jina na mwaka, kisha akaipitisha motoni ili maandishi yake yasifutike. Sahani hiyo hutundikwa ukutani au huwekwa katika kidaka, ipate kukumbusha jambo lililotukia: arusi, kuzaliwa kwa mtoto, kufunguliwa kwa shule, au mzee kuacha kazi baada ya utumishi wa miaka mingi. Wako wanaoifanya kazi hii kwa kutafuta fedha. Leo nasema na wale wanaotaka kuifanya kwa kujifurahisha, jioni au siku ya mapumziko.

Labda mtu atasema, “Sahani ni sahani. Ya nini kupoteza saa nyingi kwa kuipaka rangi?” Nami nitamjibu kwa kumwuliza: Je, bwana, katika nyumba yako mna kitu gani kinachotaja jina la babu wa babu yako, na mwaka aliooa? Karatasi huliwa na mchwa. Nguo huliwa na nondo. Picha hufifia kwa jua. Lakini kigae cha chombo kilichopakwa rangi na kuchomwa vema hukaa chini ya ardhi miaka mia tano, na ukikichimbua na kukiosha, rangi yake ni ile ile. Ndiyo maana wataalamu wanaochimba miji ya kale hufurahi sana wapatapo vigae, kwani kwa vigae hivyo hujua mji ulikaliwa zamani gani.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki si wageni wa jambo hili. Ukienda Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, utaona makaburi ya zamani yenye nguzo, na makaburi hayo yalipambwa kwa sahani na mabakuli ya China. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, iko nguzo nyingine ya kaburi iliyotiwa mabakuli ya Kichina. Kilwa Kisiwani, katika msikiti mdogo wenye makuba, mabakuli yalijengewa ndani ya dari. Na katika nyumba za mawe za Lamu, kuta za ndani zilifanyiwa vidaka safu juu ya safu, na vyombo vizuri viliwekwa humo vionekane na wageni.

Walakini vyombo hivyo vilichorwa ng’ambo, na mafundi wasiowajua watu ambao makaburi yao yangepambwa kwavyo. Juu yake mna maua na mapambo mengine mazuri, lakini hamna jina la marehemu. Tena, nyingi katika sahani zile zimeng’olewa, yakabaki matundu ya duara katika chokaa. Sahani iliyong’olewa kaburini haiwezi kusema ilikuwa ya nani. Hapo twapata fundisho la kwanza: chombo hudumu, lakini kisichoandikwa hudumu bubu. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kumbukumbu ni mali.

Sasa tuvuke bahari twende Uingereza, maana huko watu walizoea tangu zamani kuandika majina na miaka juu ya sahani. Mafundi wa huko walitumia udongo wa kawaida, wakaupaka maji mazito yenye bati, ambayo yakichomwa hugeuka kuwa ngozi nyeupe yenye kung’aa kama kioo. Iko sahani moja iliyofanywa London mwaka 1600. Katikati ina picha ya majengo ya mji, na pembezoni yamezunguka maneno ya kumwombea heri Malkia Elizabeth wa Kwanza. Baadaye mafundi walichora sahani kubwa zenye sura za wafalme, kama Mfalme Charles wa Pili, na Mfalme William pamoja na mkewe Malkia Mary, waliotawazwa mwaka 1689.

Lakini msidhani kwamba sahani hizi zilikuwa za wafalme tu. Ziko nyingi zenye herufi tatu na mwaka, basi. Herufi moja imewekwa juu, na mbili chini yake. Ile ya juu ni ya jina la ukoo. Za chini ni za jina la mume na jina la mke. Watu wale hawakuwa na enzi wala majeshi. Walioana, wakafanya nyumba, wakataka ijulikane. Leo huenda hapana tena awajuaye, lakini sahani yao ingali yashuhudia kwamba waliishi, na kwamba waliishi pamoja.

Hata habari za siku zile ziliandikwa juu ya sahani. Katika uchaguzi wa mwaka 1754, zilifanywa sahani huko Bristol za kumtaka Bwana Nugent achaguliwe. Mwaka 1784, Lunardi, mtu wa Italia, alipopaa London katika puto kubwa, mafundi wakachora puto juu ya sahani, na watu wakazinunua. Kwa hiyo sahani ilikuwa kama gazeti, tena gazeti ambalo halikutupwa jioni.

Jambo moja la mafundi hao yafaa tulishike, maana nitalirudia. Wao walichora juu ya ile ngozi nyeupe kabla haijachomwa, ilipokuwa bado kama unga mkavu. Unga ule ulinyonya rangi mara tu burashi ilipoigusa. Mkono ukikosea, hapana kufuta. Ndiyo maana katika sahani zao twaona mistari ya haraka, yenye uhai, na mara nyingine herufi iliyokwenda upande.

Sasa, je, nani alianza kuifanya kazi hii kwa kujifurahisha? Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya vilikuwa vikitoa sahani nyeupe, ngumu na laini, zilizokwisha chomwa, na kulikuwa na rangi za kupaka juu ya sahani hizo. Basi mtu yeyote aliweza kununua sahani tupu, akaichora nyumbani, akaipeleka kwa mwenye joko ikachomwe. Huko London, kampuni ya Minton ilifungua nyumba ya uchoraji Kensington mwaka 1871, na wanawake wengi walipata kazi humo, mpaka nyumba ile ilipoungua mwaka 1875. Mwaka 1876 duka la Howell na James lilianza kufanya maonyesho ya kila mwaka ya sahani zilizochorwa na mabibi majumbani mwao.

Na huko Marekani, katika mji wa Cincinnati, Benn Pitman alianzisha mwaka 1874 darasa la kuwafundisha wanawake kazi hii. Wengi waliiona kuwa mchezo wa mabibi wenye nafasi. Lakini tazameni matunda yake. Mmoja wao, Mary Louise McLaughlin, aliandika kitabu mwaka 1877 cha kuwafundisha watu wasio mafundi. Mwingine, Maria Longworth Nichols, alianzisha mwaka 1880 kiwanda cha vyombo kiitwacho Rookwood, ambacho sifa zake zilienea hata Ulaya. Na jengo lake la kwanza lilikuwa shule ya zamani iliyoachwa. Mimi niliye mwalimu napenda habari hiyo. Mchezo uliofanywa kwa bidii ulizaa kazi, na jengo la shule likapata wanafunzi wa namna nyingine.

Haya, sasa nitawaeleza jinsi kazi yenyewe ifanywavyo.

Kwanza, pata sahani nyeupe isiyo na ufa wala doa. Igonge kidogo kwa ukucha: ikilia kama kengele, ni nzima, ikitoa sauti ya kukwama, ina ufa, na motoni itapasuka. Ifute kwa kitambaa safi chenye spiriti, maana alama ya kidole ni mafuta, na rangi haishiki vema mahali palipo na mafuta. Tangu hapo ishike kwa ukingo tu.

Pili, panga picha yako kwanza juu ya karatasi. Kata karatasi iwe duara sawa na sahani, uikunje mara nne upate kujua katikati ni wapi. Maandishi ya pembezoni yataka kuhesabiwa herufi moja moja. Mtu asiyehesabu huanza kwa herufi pana, akafika mwisho hana nafasi, akalibana jina la mwenye sherehe kama abiria wa mwisho katika gari. Ukiridhika, weka karatasi ya kaboni juu ya sahani, ufuatishe mistari kwa penseli. Alama hizo zitateketea motoni, zibaki rangi peke yake.

Tatu, tayarisha rangi. Rangi hizi ni unga wa madini uliochanganywa na unga wa kioo laini. Kobalti hutoa buluu; shaba hutoa kijani; chuma hutoa nyekundu; na katika dhahabu hupatikana rangi ya waridi. Weka unga kidogo juu ya kipande cha kioo, tia tone la mafuta ya uchoraji, usage kwa kisu cha bapa mpaka pasiwe na chembe hata moja. Ikiwa nzito mno, ongeza tapentaini kidogo.

Nne, paka rangi nyembamba. Hili ndilo linalowashinda wanaoanza, kwa kuwa hutaka rangi iive mara moja. Rangi nene hupasuka na kubanduka. Anza kwa rangi hafifu, uchome. Kisha ongeza kivuli, uchome tena. Sahani nzuri huweza kuingia motoni mara tatu, nne au zaidi. Angalieni nyekundu itokanayo na chuma, maana moto ukizidi hufifia. Dhahabu huwekwa mwisho. Hiyo ikiwa katika chupa ni maji ya rangi ya hudhurungi, wala huwezi kuamini kuwa ni dhahabu. Huonyesha mng’ao wake baada ya kutoka motoni.

Tano, kuchoma. Joko hutiwa moto pole pole, na tundu lake huachwa wazi mwanzoni ili moshi wa mafuta utoke. Joto hupandishwa mpaka kama digrii 700 au 800 za sentigredi, kwa kadiri ya rangi. Hapo ngozi ya sahani hulainika kidogo, na rangi huyeyuka na kushikana nayo. Kisha joko huachwa lipoe lenyewe, mara nyingi usiku kucha. Anayefungua mlango kwa haraka ili aone kazi yake, huiona ikipasuka.

Sasa nirudie lile nililowaomba mlishike. Mafundi wa kale hawakuweza kufuta hata mstari mmoja. Sisi tunaochora juu ya sahani iliyokwisha chomwa tuna rehema kubwa zaidi: kabla ya moto, twaweza kufuta kwa kitambaa na kuanza upya hata mara kumi. Lakini baada ya moto, sisi nasi tu sawa nao. Moto hautambui kweli na uongo. Yote mawili huyakaza sawasawa.

Katika chuo chetu cha ualimu wanafunzi walitaka kumchorea sahani mzee mmoja aliyekuwa akiacha kazi. Mzee huyo alikuwa akipiga kengele ya asubuhi na kutunza bustani tangu kabla wao hawajazaliwa. Walichora kengele katikati na majani ya mwembe pembezoni, na chini wakaandika jina lake kama lilivyo katika daftari ya mishahara. Kazi ilikuwa safi sana. Kabla ya kuchoma, mwanafunzi mmoja akatoa shauri kwamba mzee aitwe aione. Mzee akaja, akaitazama muda mrefu, akasifu kengele na majani. Kisha akasema taratibu, “Wanangu, hili si jina langu.”

Wote wakashangaa. Akaeleza kwamba siku alipoandikwa kazini, karani aliandika herufi r mahali pa l. Yeye alikuwa kijana na mgeni, akaona haya kumsahihisha mtu mwenye kalamu. Na tangu siku ile amepokea mshahara wake kwa jina la mtu asiyekuwapo. Akasema, “Katika daftari si neno, maana daftari ni ya kazi. Lakini sahani hii itakaa nyumbani kwangu, na wajukuu wangu watajifunza kusoma juu yake.”

Yule mwanafunzi aliyeandika maneno akachukua kitambaa, akafuta jina lote, ingawa ilikuwa kazi ya jioni nzima. Akamwomba mzee alitamke jina lake polepole, kama babaye alivyompa, akaliandika upya. Kesho yake sahani ikachomwa.

Nimewasimulia habari hii kwa sababu hiyo ndiyo kiini cha mazungumzo yangu. Anayechora sahani ya ukumbusho ni mchoraji, lakini zaidi ya hayo ni mwandishi wa tarehe. Kwa hiyo kabla ya kushika burashi, nenda ukaulize. Jina laandikwaje? Mwaka ni upi hasa? Arusi ilikuwa mwezi gani? Mwulize mwenyewe, ukamwulize na mwingine. Mkono usio hodari watu watausamehe, lakini jina lililokosewa hudumu kuwa kosa kwa vizazi vyote vitakavyolisoma. Upande wa nyuma wa sahani andika jina lako na mwaka ulioifanya, ili ajulikane nani alisema maneno yale.

Sasa neno la hadhari, nanyi wazazi lisikieni vema. Nyingi katika rangi za kuchoma zina madini ya risasi, na nyingine zina kadimiamu, nazo ni sumu. Chakula kikali kama limau, siki au achari huweza kuitoa sumu hiyo katika rangi na kuitia mwilini. Risasi humdhuru kila mtu, lakini zaidi mtoto mdogo, maana huharibu akili yake inayokua. Basi sahani ya ukumbusho isiliwe chakula kamwe. Andikeni nyuma yake: “Ya ukutani, si ya chakula.” Na unapofanya kazi, usilainishe ncha ya burashi kwa ulimi, usipulize unga wa rangi, wala usile mezani pa kazi. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na watoto wadogo wasikae karibu.

Najua wengi mtasema, “Mwalimu, sisi hatuna joko.” Ni kweli, joko ni ghali. Lakini ziko rangi nyingine za vyombo ambazo hukazwa katika oveni ya nyumbani, na baadhi yake hutaka digrii 150 tu kwa muda wa dakika 35. Sahani huwekwa oveni ikiwa baridi, dakika zihesabiwe tangu joto lifikapo kiasi chake, kisha ipoe humo humo. Rangi hizo si imara kama zile za joko. Zisisuguliwe kwa mchanga. Lakini kwa sahani ya kutundikwa, zafaa sana. Soma maneno ya chupani uyafuate. Na shule au chama cha kijiji chaweza kuchangia chupa tano za rangi na burashi tatu. Hiyo yatosha kwa mwanzo.

Mwisho, chagueni vema cha kukumbuka. Huko Denmark, kiwanda cha Bing na Grøndahl kilitoa sahani ya Krismasi mwaka 1895, na baada ya hapo sahani hizo zilitolewa moja kila mwaka, hata wakati wa vita kuu mbili. Nasi twaweza kuwa na desturi yetu wenyewe: sahani moja kwa mwaka katika kila nyumba, au katika kila shule. Mwaka huu mtoto amezaliwa. Mwaka ujao kisima kimechimbwa. Mwaka wa tatu mvua ilikosa, tukala mihogo, lakini hakufa mtu. Mambo hayo hayaandikwi katika vitabu vikubwa. Tusipoyaandika sisi, nani atayaandika?

Baada ya miaka ishirini mtakuwa na sahani ishirini ukutani, na mtoto atakayesimama mbele yake atasoma maisha ya watu wake tangu mwanzo, kwa majina yao ya kweli.